Jina Lasafiri, Ladha Yabaki Forodhani

Ndugu msikilizaji, mtu aliyehamia nchi ya mbali hutafuta vitu vitatu katika wiki zake za mwanzo: mahali pa kulala, njia ya kuzungumza na watu wa nyumbani, na chakula ambacho ulimi wake unakijua. Viwili vya kwanza, ukiwa na fedha, utavipata. Hicho cha tatu kina mambo yake, nacho ndicho ninachotaka tukizungumze leo. Mfano wetu utakuwa chakula kinachoitwa burrito, na mkahawa mkubwa wa Kimarekani unaokiuza, Taco Bell.

Huenda ukauliza: burrito inatuhusu nini sisi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala? Vuta subira. Kabla hatujamaliza tutakuwa tumefika Nairobi, kwenye suala la viazi, na hapo utaona kwamba jambo hili liko mlangoni kwetu.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Burrito ni mkate mwembamba wa unga wa ngano, mpana kama chapati lakini hauna tabaka, nao huitwa tortilla. Ndani yake hutiwa maharage yaliyopondwa, nyama, jibini na pilipili, pengine na wali, kisha ncha hukunjwa na mkate ukaviringishwa, ili mlaji aushike mkononi bila kumwaga kitu. Jina ni la Kihispania, na maana yake ni punda mdogo. Kwao ni kaskazini ya Meksiko, katika majimbo kama Sonora na Chihuahua, mahali ambapo ngano iliyoletwa na Wahispania katika karne ya 16 ilistawi. Ukienda kusini ya nchi hiyohiyo, mkate wa kila siku ni wa mahindi, na wako Wameksiko wengi ambao hawakukua wakila burrito nyumbani kwao.

Sasa, chakula hiki cha kaskazini ya Meksiko kilipataje kuwa chakula cha kijana wa Ohio? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bwana mmoja aitwaye Glen Bell alikuwa akiuza hambaga na soseji mjini San Bernardino, katika jimbo la California. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mkahawa wa familia ya Kimeksiko, Mitla Cafe, uliofunguliwa mwaka 1937. Wateja walikuwa wakipanga foleni hapo kula taco, yaani mkate wa mahindi uliokunjwa na kutiwa nyama. Bell akawa anavuka barabara kwenda kula, akatazama, akajifunza, akaanza kuuza taco za namna yake. Mwaka 1962 alifungua Taco Bell ya kwanza mjini Downey, na burrito ilikuwamo katika orodha ya vyakula. Mwaka 1978 aliiuza kampuni hiyo kwa PepsiCo, wauzaji wa soda. Mwaka 1997 PepsiCo nayo iliitenga biashara ya mikahawa, na kampuni iliyozaliwa hapo ikachukua jina la Yum! Brands mwaka 2002. Jina hilo tuliweke akiba, maana kampuni hiyo ndiyo pia yenye KFC.

Siri ya biashara ya namna hii si utamu wa chakula. Mama lishe wa mtaani kwako huenda anapika vizuri kuliko mkahawa wowote wenye taa za rangi. Siri ni kufanana. Mteja anayeingia tawi lolote anajua tayari atakula nini, atalipa kiasi gani na atangoja dakika ngapi. Ili kulifikia hilo, mwishoni mwa miaka ya 1980 Taco Bell ilifanya uamuzi mkubwa: sehemu kubwa ya kazi ya kupika iliondolewa mikahawani na kupelekwa viwandani. Nyama ikawa inapikwa na kutiwa viungo huko, inafungwa katika mifuko, na tawini kazi ni kuipasha moto. Maharage yakawa yanafika yakiwa yamekwisha pikwa na kukaushwa, yanangoja maji ya moto tu. Kwa njia hiyo kijana aliyekulia Ohio akihamia Texas huikuta burrito yake ileile, kwa sababu aliyeitia chumvi si mpishi wa Ohio wala wa Texas. Ni kiwanda.

Basi kijana huyo amekua. Amepata kazi ng'ambo, tuseme katika mji wa Bangalore huko India, ambao leo huitwa Bengaluru. Siku moja, akiwa amechoka na ugeni, anaiona ile alama ya kengele anayoijua tangu utoto. Anaingia kwa furaha, anaagiza burrito, anauma kipande cha kwanza, na anahisi kama mtu aliyempigia mama yake simu ikapokelewa na jirani. Jina ni lile, karatasi ni ile, lakini kilichomo ndani ni kingine. Wengi hukasirika hapo, wakasema wamedanganywa. Lakini tukifuatilia safari ya burrito hiyo, tutaona kwamba ilipita katika milango minne kabla ya kumfikia, na kila mlango ulichukua kitu.

Mlango wa kwanza ni sheria. Kiwanda cha Marekani hakiwezi kupeleka mifuko yake ya nyama popote kitakapo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, tangu mwaka 1989 umekataza nyama ya ng'ombe waliopewa homoni za kuwakuza haraka, dawa ambazo Marekani inaziruhusu. Uingereza ilipotoka katika umoja huo ilibaki na katazo hilo. Kwa hiyo Taco Bell, iliyojaribu bahati yake London mwaka 1986, ikafunga katika miaka ya 1990 na kurudi Uingereza mwaka 2010, ilipaswa kutafuta nyama inayokubalika huko. Na ng'ombe hawafanani. Ng'ombe wengi wa Marekani humaliza miezi yao ya mwisho wakilishwa nafaka, mahindi hasa, ili wanenepe. Wa Uingereza na Ireland hula majani sehemu kubwa ya maisha yao. Mafuta ya mnyama huonja kile alichokula, na ulimi wa mlaji hulijua hilo hata kama mwenyewe hawezi kulieleza.

Mlango wa pili ni shamba. Kabichi, nyanya, maziwa ya jibini na unga wa ngano ni vitu vizito, tena vingine huharibika upesi. Kuvivusha bahari ni gharama, na nchi nyingi huvitoza ushuru mkubwa ili kuwalinda wakulima wao. Kwa hiyo mwenye mkahawa hununua karibu. Ngano ya nchi moja si ngano ya nchi nyingine: iko inayovutika kama ulimbo, iko inayokatika upesi. Kila mama anayekanda chapati anajua kwamba ukibadilisha unga, mkono nao hubadilisha mwendo.

Mlango wa tatu ni dini na desturi. Taco Bell ilipofungua tawi lake la kwanza Bangalore mwaka 2010, haikuuza nyama ya ng'ombe wala ya nguruwe. Ng'ombe ni mnyama anayeheshimiwa na Wahindu, na majimbo mengi ya India yana sheria dhidi ya kumchinja. Nguruwe ni haramu kwa Waislamu, ambao huko ni mamilioni kwa mamilioni. Njia hiyo ilikwisha fungulíwa na McDonald's, iliyoingia Delhi mwaka 1996 bila hambaga ya ng'ombe hata moja. Basi burrito ya Bangalore ikajazwa kuku, viazi, maharage, au paneer, ile jibini laini ya Kihindi. Kwa Mhindi asiyekula nyama hicho ni chakula kamili. Kwa yule Mmarekani wetu, anayekumbuka nyama ya kusaga, ni kitendawili.

Mlango wa nne ni mfuko. Kwao Marekani Taco Bell ni chakula cha mtu mwenye haraka na fedha kidogo: mwanafunzi, dereva, kibarua anayetoka zamu ya usiku. Huko Bangalore tawi la kwanza lilifunguliwa ndani ya jengo kubwa la maduka, mahali ambapo familia huvaa vizuri kwenda kutembea. Chakula kilekile kilichokuwa cha shida kikageuka kuwa cha starehe. Sasa, ndugu msikilizaji, utamu wa chakula haukai kinywani peke yake. Unategemea pia saa uliyokila, uliokuwa nao, na kilichokuwa mfukoni mwako. Wataalamu wa ubongo wanatueleza kwamba njia ya harufu inapita karibu sana na sehemu zinazotunza kumbukumbu na hisia, na ndiyo maana harufu moja ya samli huweza kumrudisha mtu jikoni kwa bibi yake miaka 40 nyuma. Mgeni anayetafuta burrito anautafuta usiku ule wa miaka 19 pamoja na rafiki zake. Hakuna tawi linaloweza kuupasha moto usiku huo.

Kwa hiyo, je, kampuni ilimdanganya? Tutazame kile inachouza ng'ambo. Mara nyingi kampuni mama haiendeshi mkahawa yenyewe. Humpa mfanyabiashara wa nchi ile haki ya kutumia jina, alama, sare, orodha ya vyakula na kitabu cha maelekezo, naye huilipa kwa haki hiyo. Jikoni, wafanyakazi na bili ya umeme ni vyake. Kinachosafiri, kwa hakika, ni jina pamoja na utaratibu. Ladha hufika forodhani ikaulizwa maswali, na ile inayoruhusiwa kuingia huwa imekwisha badilishwa.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi tukienda Meksiko kwenyewe. Taco Bell iliingia Mexico City mwaka 1992, na haikuchukua muda ikafunga. Ikarudi mwaka 2007, safari hii karibu na mji wa Monterrey, ikiwa imejifunza adabu. Haikudai tena kwamba inauza chakula cha Kimeksiko. Ile taco yake yenye ganda gumu la kukaangwa iliipa jina jingine, tacostada, ili wenyeji wasiseme wanaletewa taco bandia. Iliuza chipsi. Hata tangazo lake lilisema kwa Kihispania kwamba hiki ni kitu kingine. Mwandishi mashuhuri wa huko, Carlos Monsiváis, alisema jambo hilo ni sawa na kupeleka barafu Aktiki. Sisi tungesema ni kupeleka karafuu Pemba. Kufikia mwaka 2010 mikahawa hiyo ilikuwa imefungwa tena.

Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Yule Mmarekani anayenung'unika Bangalore kwamba burrito hii si burrito amesimama mahali palepale walipowahi kusimama Wameksiko huko kwao Marekani. Kati ya mwaka 1942 na 1964, kwa mapatano ya serikali mbili yaliyojulikana kama Bracero, wanaume wengi wa Kimeksiko walipelekwa mashambani Marekani kuvuna pamba, matunda na mboga. Walikuwa na njaa ya nyumbani kama mhamiaji yeyote. Na chakula chao, walipokikuta kinauzwa na wengine, kilikuwa kimevikwa jibini ya njano na kupunguzwa pilipili. Baadaye, katika miaka ya 1960, mtaa wa Mission mjini San Francisco ukatoa burrito kubwa iliyojaa wali, ambayo mzee wa Sonora angeiangalia na kuuliza imeumwa na nini hata ikavimba hivyo. Hiyo ndiyo ambayo leo vijana wa Kimarekani wanaiita ya asili. Asili ya mmoja ni mabadiliko aliyoyakuta mwenzake.

Nasi tusijione tuko mbali. Chapati yetu tuliletewa na Wahindi, na Mhindi akiiona ile ya kwetu, nene, yenye tabaka, iliyonyweshwa mafuta, huenda akacheka. Waganda wakaichukua chapati hiyohiyo, wakaiviringishia mayai na nyanya, na ikapata umaarufu Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, kwa jina la rolex. Ukiitazama vizuri, ni binamu wa burrito ambaye hajawahi kuonana naye. Hata mahindi, maharage, nyanya na pilipili, vitu tunavyoviona kuwa ni vya babu zetu, asili yake ni bara la Amerika, na mahindi yenyewe yalianzia huko Meksiko. Wareno waliyafikisha pwani yetu, nasi tukayapa jina linaloelekeza India. Kama Mmeksiko wa kale angepewa ugali wa sembe, angesema mahindi yake yameharibiwa. Sisi bila huo hatujala.

Sasa tufike Nairobi, kama nilivyoahidi. KFC ilifungua tawi lake la kwanza huko mwaka 2011. Januari mwaka 2022 ikawatangazia wateja kwamba imeishiwa chipsi. Watu wakashangaa: vipi chipsi ziishe katika nchi yenye wakulima wa viazi Nyandarua, Meru na Nakuru? Ndipo ikajulikana kwamba viazi vya mkahawa huo vilikuwa vikitoka Misri, na meli zilikuwa zimechelewa. Kampuni ilieleza kwamba kila anayeiuzia hupaswa kwanza kupita katika ukaguzi wa ubora, na kwamba viazi vya wenyeji havikuwa vimepita. Wakenya walikasirika, wakahimizana kuususia mkahawa huo. Kampuni ikasema itapanua mipango yake na kuwahusisha wauzaji wa humohumo nchini.

Jambo hili lieleweke kwa pande zote mbili. Kiazi cha chipsi za kiwandani kinapaswa kuwa kirefu, chenye maji kidogo na sukari kidogo, la sivyo chipsi huwa nyeusi kabla hazijaiva. Ukaguzi wa ubora si hila. Mtu akiugua kwa chakula, mkahawa ndio utakaojibu. Lakini tuone pia maana yake. Huko Bangalore kampuni inayobeba jina la Taco Bell ilibadilisha hata nyama, kitu kilichokuwa moyo wa chakula chenyewe, kwa sababu sheria na imani za wenyeji ziliilazimu. Nairobi, kampuni nyingine chini ya mwavuli uleule ilivusha viazi kutoka Misri kwa sababu hapakuwa na kilichoilazimu. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haikuwa ya ladha. Ni nani alikuwa na nguvu ya kusema: hapa kwetu mambo ni hivi.

Ndiyo maana nasema suala la burrito ni letu. Kufanana kuna bei, na mara nyingi hulipwa na mkulima ambaye kiazi chake hakikuulizwa. Kutofanana nako kuna bei, na hulipwa na mhamiaji mwenye upweke, anayeuma kipande akakuta si nyumbani. Ukinilazimisha kuchagua, nitasema bei ya pili ni nafuu. Mhamiaji atahuzunika jioni moja, kesho atazoea. Mkulima aliyefungiwa soko hana jioni moja, ana msimu mzima. Kwa hiyo mkahawa wa kigeni unapofunguliwa mjini kwako, pamoja na kuuliza bei, uliza na viazi vinatoka wapi, kuku wanafugwa na nani, unga umesagwa wapi. Mteja anayeuliza ni mlango wa tano, na makampuni huuheshimu, kama Wakenya walivyoonyesha.

Na wale ndugu zetu walioko ng'ambo, ambao vipindi kama hivi huwafikia, nao nina neno kwao. Msiitafute nyumbani katika karatasi yenye alama ya kampuni. Ila pia msiitupe burrito ya ugenini kwa sababu haifanani na ya zamani. Ileni kama chakula cha watu wa pale, mlichokikuta pale, na muulize kwa nini kimekuwa hivyo. Katika majibu mtaijua nchi mliyohamia: sheria zake, mashamba yake, wanachokiogopa na wanachokiheshimu. Kiu ya nyumbani ikizidi, dawa yake ni sufuria yenu wenyewe.

Wako Waafrika Mashariki huko Marekani ambao wamekwisha ligundua hilo kwa njia yao. Siku wanazotoka kazini usiku, hawana nguvu za kukanda unga, hununua pakiti ya tortilla dukani, wakazipasha katika kikaango kwa mafuta kidogo, wakazila na maharage ya nazi. Si chapati, na wao wanajua si chapati. Watoto wao, waliozaliwa huko, wanaziita chapati. Siku moja watoto hao watakuja likizo Tanga au Kisumu, watapewa chapati ya nyangá wao, yenye tabaka saba, na watauliza mbona hii si kama ya mama. Bibi asikasirike. Amwekee mjukuu ya pili.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, wakati kama huu.